Uzi: Gari kutembea kwa maji. Nimeupima mtungi wa ami yangu, njooni tuhesabu pamoja

FUNDI WA MACHOMANE

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko nje.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu ipo Machomane, hapa Chake Chake. Wiki iliyopita alinijia ami yangu kutoka Wete na Suzuki Carry yake, ile anayobebea watu asubuhi na magunia jioni. Hata salamu hazijesha akainua kiti na kuniita: "Njoo uone mwanangu, hii gari siku hizi inakunywa maji."

Nikatazama. Mtungi wa plastiki ngumu, ukubwa wa kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake sahani saba za chuma kisichoshika kutu zimepangwa kama vitabu kwenye shubaka, maji yaliyotiwa soda kali, waya mbili nene kutoka kwenye betri, na mpira mwembamba unaopeleka gesi kwenye njia ya hewa ya injini. Ameununua kwa pesa za karafuu za msimu uliopita. Aliyemuuzia, mtu mpita njia tu, amemwambia mtungi huu unapunguza nusu ya petroli, na akija kununua ule mkubwa ataagana na sheli moja kwa moja. Wenzake wanne pale stendi ya Wete wameshaweka pesa pembeni, na ami anataka niwafungie mimi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumbani.

Ami yangu huyu ndiye aliyenilipia nikasoma ufundi. Sikuweza kumwambia "umetapeliwa" hivi hivi kwa maneno ya mdomoni, wala sikuweza kuwafungia wenzake kitu nisichokiamini. Nikamwomba aniachie gari siku mbili nipime. Nawaletea nilichokikuta, na mwenye kuona kosa katika hesabu yangu anisahihishe, nitamshukuru.

Kwanza, gesi ni ya kweli. Naanza na hili kwa sababu mtu akiona mapovu husema "si unaona, inafanya kazi!" Naam, inafanya. Niliutoa mpira nje ya gereji, mbali na moto, nikauingiza kwenye chupa ya lita moja iliyojaa maji niliyoipindua ndani ya beseni. Gesi ikawa inapanda na kuyasukuma maji nje, na chupa ikajaa gesi kwa dakika moja na sekunde chache. Tuseme lita moja kwa dakika. Theluthi mbili yake ni haidrojeni, theluthi moja ni oksijeni. Ukikusanya saa nzima unapata haidrojeni ya gramu tatu na nusu hivi, na maji yaliyotumika ni gramu 30, yaani vijiko viwili vya kulia wali. Mtungi ukionekana kupungua zaidi ya hapo, hayo mengine ni mvuke tu.

Pili, nikabana mita kwenye waya. Ampea 15, volti 13.8. Zidisha: wati 207 zinaondoka muda wote mtungi unapofanya kazi. Gesi inayotoka, hata ikiungua yote mpaka chembe ya mwisho, haina zaidi ya wati 113 hivi ndani yake. Zilizobaki zimekuwa joto, ndiyo maana baada ya saa moja mtungi ule huwezi kuutulizia kiganja.

Na betri inajazwa na nani? Inajazwa na altaneta. Altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unavutwa na injini, injini inakula petroli. Hakuna pahala pengine. Altaneta hugeuza kiasi cha asilimia 60 ya nguvu inayopewa kuwa umeme, na injini kama hii hufanyia kazi robo tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta, robo tatu inapotelea kwenye rejeta na ekzosi. Rudi nyuma hatua kwa hatua: ili mtungi upate wati 207, injini inachoma petroli ya wati 1,380 hivi. Nimetoa 1,380, nimerudishiwa 113. Na hizo 113 zikiingia ndani ya injini, robo yake ndiyo inayofika kwenye gurudumu.

Halafu tazameni ukubwa wa jambo lenyewe. Lita moja ya petroli ina nguvu ya uniti 9 hivi, uniti hizi hizi tunazonunua za tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Gari ya ami ikiwa njiani inakula lita mbili na nusu kwa saa, kwa hivyo mle ndani zinaungua wati 22,000. Mtungi unaongeza 113. Hiyo ni nusu ya asilimia moja, kabla hujatoa gharama yake. Kutia upepo tairi zote nne kunamfaa zaidi.

Sasa kwa nini iwe hivi? Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana ukilielewa hili hutauziwa mtungi tena maisha.

Maji ni majivu. Haidrojeni ni gesi inayowaka. Ikiungua inashikana na oksijeni, inatoa joto lake, na kinachobaki ni maji, kama vile kuni zikishaungua kinachobaki jikoni ni majivu. Baina ya neno na neno kuna silabi moja, na vitu vyenyewe ni ndugu: vyote viwili moto umeshapita. Hakuna mama anayezoa majivu ya jana akayarudisha mafigani akangojea chungu kichemke.

Ndiyo, maji unaweza kuyarudisha kuwa haidrojeni. Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, waliyapasua kwa umeme mwaka 1800, mara tu betri ya Volta, ya kwanza duniani, ilipojulikana. Lakini lazima ulipe lile joto lote lililokwisha kutoka, na kila hatua ya njiani inakata ushuru wake. Kilo moja ya haidrojeni inataka kilo 9 za maji na uniti 39 za umeme hata kama mashine yako haipotezi kitu. Mashine za kweli za viwandani zinakula 50 na zaidi. Kilo hiyo hiyo ukiichoma kwenye injini unapata 33. Huwezi kununua kwa 50 ukauza kwa 33 ukasema umepata faida.

Ami anangoja jibu langu Ijumaa. Nasubiri maoni yenu.


DEREVA WA 502

Fundi, Mungu akubariki, laiti uzi huu ungekuja mwaka jana. Mimi naendesha daladala ya Bububu, Unguja. Tajiri wangu alifunga kitu kama hicho, wa kwetu ulikuja na kiboksi kidogo cheusi kilichoungwa kwenye waya wa sensa ya oksijeni ya ekzosi. Mwanzo kweli mafuta yalipungua kidogo, tukafurahi. Lakini gari ikawa inachemka, kwenye mwinuko haina nguvu, na baada ya miezi miwili ikaanza kukohoa. Kufungua silinda hedi, vali mbili za ekzosi zimeungua ukingoni kama biskuti iliyokaa sana ovenini.

Na mtungi wenyewe uliripuka. Asubuhi, gari ndiyo inawashwa, nikasikia kishindo kama baruti. Mfuniko uliruka ukapiga boneti, maji ya soda yakamwagikia utingo mkononi. Tulimkosha kwa maji mengi pale pale, lakini ngozi ilichubuka mpaka kwenye kiwiko.


FUNDI WA MACHOMANE

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa utingo. Umenigusa pahala muhimu.

Kiboksi kile kinaidanganya kompyuta ya gari. Kinaiambia kwamba ekzosi inatoka na petroli nyingi mno, kompyuta inapunguza petroli, hewa inazidi, na moto wa ndani unakwenda nje ya kipimo chake. Ule upungufu wa mafuta mlioufurahia ulitoka hapo, haukutoka kwenye maji, na malipo yake ndiyo hizo vali.

Kuhusu kuripuka: gesi ile inatoka haidrojeni na oksijeni zikiwa zimeshachanganyika, tayari kwa moto. Haidrojeni ikiwa ndani ya hewa huwaka kuanzia asilimia 4 mpaka 75, na cheche inayoiwasha ni ndogo kuliko unayoipata ukivua shati la nailoni. Injini ikirudisha moto mara moja tu, unafuata mpira hadi mtungini. Ami yangu ameuweka chini ya kiti cha abiria. Nilipoliwaza hilo usiku sikulala.


MZEE WA NG'AMBO

Wanangu, hesabu zenu nzuri lakini msikimbilie kukataa. Treni ya Bububu iliyoanza 1905, iliyokuwa ikitoka mbele ya Ngome Kongwe, ilikwenda kwa mvuke, na mvuke ni maji. Wazee wetu waliipanda.

Na yule Mmarekani, Stanley Meyer, aliendesha gari lake kwa maji, likaonyeshwa kwenye televisheni huko kwao. Akaanguka mkahawani akisema ametiliwa sumu. Na Wajapani wa Genepax walionyesha gari ya maji kule Osaka mwaka 2008 mbele ya waandishi wa habari, mwaka uliofuata wamefunga. Wenye visima vya mafuta hawawezi kukubali. Hilo mbona hamlisemi?


FUNDI WA MACHOMANE

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima zote, kwa sababu haya uliyoyasema ndiyo anayoyasema na ami.

Treni ya Bububu ilikuwa na tanuri, na katika tanuri mtu anatia kuni au makaa kwa sepetu. Maji yalikuwa kama farasi wa kubeba nguvu kutoka kwenye moto mpaka kwenye magurudumu. Moto ukizimwa, birika limejaa maji pomoni na treni haiendi hata hatua moja.

Stanley Meyer alikuwa mtu wa jimbo la Ohio. Wawekezaji wawili walimshitaki, mahakama ikawaita wataalamu wakaikagua seli yake, wakakuta ni upasuaji wa maji wa kawaida kwa umeme, hakuna jipya. Mwaka 1996 mahakama ikaamua kwamba ni udanganyifu na akaamriwa kurudisha dola 25,000. Alifariki Machi 1998, na daktari wa serikali aliyemchunguza alisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Lakini mzee wangu, hata tukiacha kifo chake pembeni, hataza zake zipo wazi, zimeshachapishwa, na muda wake wa ulinzi umeshapita. Mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuzisoma na kuunda. Japani inanunua karibu mafuta yake yote kutoka nje. Ingekuwa gari hilo linakwenda, serikali yao ingekuwa ya kwanza kulipigania, wala isingejali nani anakasirika.

Genepax hawakueleza waziwazi nguvu ile inatoka wapi. Na si hao peke yao. Ufilipino, Daniel Dingel alidai tangu 1969 kwamba ana gari ya maji, na 2008 mahakama ilimtia hatiani kwa kuchukua fedha za mwekezaji. Pakistani, mwaka 2012, fundi mmoja alionyesha gari lake la maji mbele ya mawaziri na televisheni nchi nzima, mpaka wanafizikia kama Pervez Hoodbhoy wakasimama kulipinga hadharani. Kila mara ni ahadi ile ile, na kila mara sifa zinakuja kabla ya kipimo.


MKOJANI

Mimi ni mvuvi wa kisiwa cha Kojani, sijui uniti wala ampea, lakini maji kwenye mashine nayajua.

Mwaka mmoja tulinunua petroli kwenye madumu, kumbe dumu moja limeingia maji. Petroli nyepesi, maji mazito, yanakaa chini, na mpira wa mashine unafyonza kutoka chini. Tukiwa nje na mkondo unavuta, mashine ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Tulifungua kabureta juu ya mawimbi, ndani ya kikombe chake matone ya maji yameviringika kama shanga chini ya petroli. Tulipiga kasia mpaka alfajiri.

Ingekuwa maji ni mafuta, sisi Wakojani tusingekuwa na shida. Tungeinama tu pembeni mwa dau tukachota.


KIJANA WA MKOANI

Fundi naomba kuuliza kwa nia njema. Mimi nachomelea vyuma. Gesi yetu tunaitengeneza wenyewe: unatia jiwe la kabaidi kwenye mtungi, unamimina maji, gesi inatoka, unawasha unakata chuma. Sasa pale si maji yanatoa moto? Na kama yanatoa, kwa nini tusifunge mtungi wa kabaidi kwenye gari?


FUNDI WA MACHOMANE

Swali zuri kuliko yote katika uzi huu, na nimelifikiria tangu asubuhi.

Nguvu iko kwenye jiwe. Kabaidi hutengenezwa kwa chokaa na makaa, vinapikwa kwenye tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 2,000 na zaidi. Umeme mwingi kweli kweli umezikwa ndani ya jiwe lile. Maji yakija yanalifungua, mfano wa ufunguo na kasha: dhahabu ni ya kasha. Na ushahidi unao mwenyewe. Kinachokwisha ukanunua tena ni nini, maji au jiwe? Jiwe likishakuwa ule unga mweupe, mimina pipa zima la maji, hakitoki kitu.

Gari ukilifunga hivyo litakwenda, lakini litakuwa linakwenda kwa kabaidi na utakuwa unanunua kabaidi. Na baadhi ya magari ya kuonyeshea watu yana siri ya namna hii: kuna madini fulani mle ndani, aluminiamu au mengine, yanayoliwa na maji na kutoa haidrojeni. Mtazamaji anaona maji yanatiwa, haoni madini yanayokwisha.


MWALIMU WA WETE

Assalaam alaykum. Nafundisha fizikia na kemia skuli, nimepitia hesabu ya fundi na nimeikubali. Sahani saba zinatengeneza vyumba sita, kila chumba kinapata volti 2.3, ampea 15 zinapita kote. Ukitumia kanuni ya Faraday, inayohesabu gesi kutokana na umeme uliopita, unapata gramu 3.4 za haidrojeni kwa saa. Chupa na beseni vyake vimetoa jibu lile lile linalotoka kwenye karatasi. Nitawapa wanafunzi wangu mfano huu.

Nina mambo mawili ya kuongeza, na la kwanza naomba mlichukulie kwa uzito.

Fundi, maji ya ndani ya mtungi yamekuwa na rangi gani? Kama yamegeuka kahawia au manjano, usiyamwage chini. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu ndani yake, na umeme ukipita kwa namna hiyo huitoa ikawa kromiamu ya aina iliyo sumu, inayosababisha saratani. Kisiwa chetu kinakunywa maji ya visima, na sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Ukimwaga leo nyuma ya gereji hujui yatatokea kwenye ndoo ya nani.

La pili ni kwa wale wanaosema tutumie bahari. Ukipitisha umeme kwenye maji ya bahari, upande mmoja unapata haidrojeni, upande wa pili mara nyingi unapata klorini badala ya oksijeni. Harufu yake ni ile ya Jik, nayo huwezi kuivuta ukabaki salama. Na kuna video inayozunguka ya maji ya chumvi yanayowaka kwenye kijibomba cha kioo. Ile ni ya kweli, aliifanya Mmarekani John Kanzius mwaka 2007 kwa mawimbi ya redio. Kinachosahauliwa kusemwa ni kwamba mashine ya mawimbi imechomekwa ukutani, na inakula nguvu zaidi ya ule mwali.


FUNDI WA MACHOMANE

Mwalimu, nimetoka kwenda kuangalia sasa hivi na tochi. Ni kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa. Ahsante sana. Nilikuwa nataka kuyamwaga kesho, na kisima cha jirani kipo hatua 20 kutoka hapa.


MAMA KIKWAJUNI

Nimesoma kimya muda wote, naomba na mimi niseme.

Vijana wengi humu mlikuwa wadogo umeme ulipokatika Unguja. Mwaka 2008 ulikatika kiasi cha mwezi mzima, kisha Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Watu wanakumbuka kiza, mimi nakumbuka ndoo. Mabomba yalikauka kwa sababu pampu za visima zinakwenda kwa umeme. Aliyekuwa na jenereta alinunua petroli ili apate maji. Tulikuwa tunapanga madumu tangu sala ya alfajiri mbele ya nyumba yenye jenereta, na mwenye nyumba anasema, "Leo sina mafuta, maji hakuna."

Miezi ile nilijifunza nini kinamlisha mwenziwe.


MPEMBA WA MUSCAT

Salaam kutoka Oman. Nataka kumtetea kidogo haidrojeni, maana mtu akisoma haraka ataona kila kitu ni utapeli. Huku mwaka 2022 serikali iliunda kampuni maalumu ya kusimamia haidrojeni inayotengenezwa kwa jua na upepo. Na Toyota wanauza Mirai tangu 2014, ekzosi yake inadondosha maji tu. Mbona hilo linakwenda?


FUNDI WA MACHOMANE

Linakwenda, na ni kazi nzuri sana ya uhandisi, ndugu yangu. Lakini tazama kinachotiwa kwenye tangi lake. Mirai ya kwanza inabeba kilo 5 za haidrojeni iliyogandamizwa kwenye matangi kwa shinikizo la mara 700 ya hewa tunayovuta, inakwenda kilomita 500 hivi. Haitiwi maji. Inatoa maji, kama jiko linavyotoa majivu. Nishati ilitoka pengine, kwenye jua la Oman au, kwa sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia ya leo, kwenye gesi asilia na makaa ya mawe.

Kilo hizo 5 ukizitengeneza kwa umeme unatumia uniti 250 na zaidi. Gari ya betri ya ukubwa huo inakwenda kilomita 5 au 6 kwa uniti moja. Uniti 250 zile zile zingeipeleka kilomita 1,200 bila ya taabu. Kwa meli kubwa, au viwanda vya chuma na mbolea, haidrojeni ina hoja yake. Kwa Suzuki ya kubebea magunia Wete, mimi ningeweka pesa kwenye betri siku bei itakaporuhusu.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha, nalisema kwa mzee wetu wa Ng'ambo. Gari kutembea kwa nguvu ya maji kumeshawezekana, ila si kwa kuyachoma. Pemba tulikuwa na majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, ndipo waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ukatufikia. Umeme unaopita kwenye waya ule umechanganyika, na sehemu yake ni ya mabwawa: Kidatu, Mtera, na sasa bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Jua linayainua maji ya bahari yakawa mawingu, mvua inayamwaga milimani, nayo yakiteremka yanazungusha mitambo. Bajaji ya umeme ukiichaji hapa Chake, ndani ya betri yake kuna maji yaliyoanguka Bara. Maji yale yaliibeba nguvu kwa kupanda na kushuka. Lililoyainua bure ni jua.


MZEE WA NG'AMBO

Hapo kwenye jiwe la kabaidi na hapo kwenye bwawa nimekuelewa, mwanangu. La Meyer nitalifikiria zaidi. Lakini ami yako ana shida ya kweli, petroli imemkaba. Ukimvua mtungi, unampa nini?


FUNDI WA MACHOMANE

Ni haki yako kuuliza, mzee wangu, na ndiyo kazi niliyoifanya siku ya pili. Kichujio chake cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi jekundu la shamba, ukikipigapiga linatoka wingu. Plagi zimekula mdomo. Tairi mbili za mbele zina upepo nusu. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa inashika muda wote. Nilipoinua gari kwa jeki, gurudumu halizunguki kwa mkono. Hayo yote yanakula petroli kimya kimya. Nimeyarekebisha kwanza, kisha ndiyo nikapanga kupima mtungi, ili sifa ya kichujio kipya isiende kwa mtungi. Nimeuhamishia nyuma kwenye bodi, wazi, mbali na watu. Nitaleta mrejesho.


FUNDI WA MACHOMANE

MREJESHO

Tumepima Jumamosi na Jumapili, Chake hadi Wete na kurudi, safari nne. Ami anaendesha, wenzake wawili wa stendi wamekuja kuwa mashahidi. Kila safari tulijaza tangi mpaka shingoni, sheli moja, pampu moja, gari imesimama pale pale. Swichi ya mtungi niliishika mimi mkononi, ami hajui safari gani umewashwa na safari gani umezimwa. Nilitaka mguu wake usijue, maana mtu akijua anapima mafuta hukanyaga pole pole.

Mtungi umewashwa: lita 3.7, na mara ya pili 3.7. Mtungi umezimwa: 3.6 na 3.7.

Nilimwonyesha karatasi. Akaisoma mara mbili, akauliza safari ya tatu ilikuwa ipi, kwa sababu ile ndiyo aliyohisi gari nyepesi. Nikamwambia ile ilikuwa imezimwa. Akanyamaza kidogo. Mmoja wa wenzake akasema, "Basi mimi zangu nitanunulia tairi."

Ami akaomba spana namba 10. Nikataka kumfungulia, akakataa. Akatoa waya wa betri mwenyewe, akauvuta mpira kutoka kwenye njia ya hewa, akaniuliza tundu lile liliobaki nitaliziba kwa nini. Nimeliziba kwa kipande cha mpira na klipu. Maji ya kahawia nimeyafunga kwenye dumu, nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote mbili, lipo juu ya kabati la gereji. Mwalimu, nakusubiri unielekeze pa kulipeleka.